Swali Lililomfungia Mtoto Mlango

Numbi,

Sianzi na salamu. Tumesalimiana asubuhi, na kwa namna nilivyoitikia ulielewa kwamba bado nina hasira. Sasa umeenda mjini kuagana na rafiki zako, Merveille amelala, na mimi nimekaa peke yangu mezani kuandika maneno ambayo nikiyasema kwa mdomo utanikatiza. Una tabia hiyo. Mtu hajafika katikati ya sentensi yake, wewe umekwisha kuona kosa lake na mkono uko juu. Karatasi hutaikatiza.

Kesho unapanda ndege kwenda Kinshasa. Mambo ya nguo, ya chakula, ya wanaume, shangazi zako wamekuambia mpaka umechoka, sitayarudia. Mimi nataka tuzungumze juu ya hiyo filozofia yako.

Baba yako alipopata habari, akiwa kazini Kambove, aliuliza kwenye simu: "Filozofia? Anataka kuwa padiri?" Wewe ulicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu aliuliza alichokijua: huku kwetu wanaosoma filozofia ni vijana wa seminari, na wao angalau wana altare inayowangoja mbele. Mtoto mwenye kichwa kama chako anasoma mambo ya migodi, au udaktari, au sheria, na akimaliza watu wanajua wamwite nani. Wewe watakuita nani?

Ulinieleza jikoni, nikiwa nasonga bukari, hukuona hata kwamba jasho linanitoka. "Mama, haiko filozofia yenyewe tu. Tutasoma na biolojia, na sheria, na uchumi, byote pamoja. Muntu anatwaa swali moya, anaitafutia jibu ku masomo yote." Nikakuambia hiyo ni sahani ya mtu aliyealikwa harusini akapakua kila kitu, na akifika nyumbani hajui alikula nini. Ulikasirika. Sikuomba radhi siku ile, na leo siombi.

Lakini usidhani hasira yangu ni ya hapo. Mzazi kutopenda masomo ya mtoto wake ni jambo la kila nyumba, linapita. Hasira yangu inatoka Katuba, kwenye kilio cha Josué, na nitasimulia yote tangu mwanzo, hata yale uliyoyaona kwa macho yako. Juzi nilikusikia ukiwasimulia rafiki zako hapo nje. Katika masimulizi yako unasimama, unauliza swali, mchungaji anakosa la kusema, watu wanacheka, basi. Hapo unakomea. Sitaki uende Kinshasa na nusu ya habari.

Mjomba wako Kisimba ni kaka yangu mkubwa. Mke wake wa kwanza alifariki akamwachia Merveille akiwa mdogo sana. Akaoa tena, akamwoa Mama Odile, na huyo akazaa watoto wawili wa kiume. Wa kwanza aliugua mara kwa mara, akafa kabla hajajua kutembea vizuri. Wa pili ndiye Josué. Unamkumbuka: vidole vimevimba, macho ya manjano, analia ukimgusa miguu. Naye akafa. Merveille, katika nyumba hiyohiyo, akila bukari hiyohiyo, hajawahi hata kulazwa hospitali. Majirani waliliona hilo. Mchungaji wetu aliliona pia.

Aliposimama siku ya kilio tulidhani anaanza sala. Akasema kifo cha nyumba ile hakitoki nje, kiko ndani, kinakula mezani pamoja na watu. Halafu akamwita Merveille katikati ya uwanja. Mtoto wa miaka minane, amevaa gauni la kuazima.

"Mumutazame huyu," akasema. "Bandugu yake banakufa, yeye ananona."

Akamwinamia. "Ni weye unabakula?"

Merveille akatikisa kichwa kukataa. Mchungaji akatugeukia: "Munaona? Mulozi hata siku moya hawezi kuitika."

Ndipo uliposimama. "Pasta, niko na swali. Akikana, unasema ni mulozi juu anakana. Akiitika, utasema ni mulozi juu ameitika. Sasa mutoto mwenye haiko mulozi angejibu nini, ili umuamini?"

Lilikuwa swali zuri. Nimelizungusha kichwani mara nyingi nikiwa sokoni na sijaona pa kulishika. Vijana waliokaa nyuma wakacheka, mmoja akapiga makofi. Nilikutazama usoni. Ulikuwa umefurahi. Kwenye kilio cha mtoto, Numbi, mama yake amelala juu ya mkeka hawezi hata kulia tena, wewe ulikuwa umefurahi.

Mchungaji hakukujibu. Mtu aliyeaibishwa mbele ya watu hajibu swali, anatafuta mahali pa kuitua aibu yake. Wewe ulikuwa mkubwa, una mama pembeni, umemaliza shule. Basi ikatua juu ya mdogo kuliko wote. "Roho ya huyu mutoto iko na nguvu," akasema. "Munaona vile imeshaingia mu binti wa masomo? Leo leo tutamupeleka ku kanisa, afunge kula mpaka imutoke." Mjomba wako alikuwa amesimama na Merveille, amemshika bega muda wote huo. Nilimwona akiuondoa mkono wake.

Ndani ya teksi, tukirudi nyumbani Kampemba, ulikuwa bado unalirudia swali lako, unalinyoosha, unatafuta namna ya kulisema vizuri zaidi. Ukanieleza kwamba mwalimu wenu wa filozofia wa darasa la mwisho aliwafundisha hivyo: neno ambalo hakuna kitu chochote kinachoweza kulipinga halijasema kitu. Nikakuambia unyamaze. Ukadhani namwogopa mchungaji.

Nilimwogopa, ndiyo. Niliimba kwenye kwaya ya kanisa lile tangu wewe hujazaliwa, na wewe huniuliza kila mara, kwa sauti yako ya hakimu, mtu mwenye akili anakaaje mahali kama pale. Nitakuambia, maana sidhani kama huko uendako watakufundisha. Hakuna aliyenikataza kuuliza. Nilipokuzaa, wamama wa kanisa walikuja kunifulia. Baba yako alipokosa kazi walileta unga. Siku unapopata swali, unakuta ni swali kwa watu waliokufulia. Unaliweka kando, na unaliweka kwa adabu, wala hujioni mwoga, mpaka unasahau uliliweka wapi. Ukikutana na mtu asiyeuliza, usifanye haraka kumwita mjinga. Tazama kwanza nani alimfulia.

Kesho yake tulipeleka uji. Shemasi aliyelinda chumba cha nyuma ya kanisa, alimofungiwa Merveille, alikataa kufungua. Ukapiga magoti, ukaita kupitia uwazi wa chini ya mlango: "Merveille, ni miye, dada yako, Yaya Numbi."

Ukatega sikio. Halafu ile sauti. "Yaya, nilishaitika. Balisema nikiitika batanipa mayi."

"Balikupa?"

"Bado. Balisema nitaje kwanza benye tunaloga nabo."

Hukuuliza tena. Ulifika kwenye kona ya barabara ukatapika. Na mimi, mama yako, nilisimama juu yako nikasema: "Sasa rudia kule, umuulize ule pasta swali ingine." Najua iliuma. Nilitaka iume. Huenda kuna watu wanaofundishwa polepole na walimu wapole. Wewe hukuwa na muda huo, na Merveille hakuwa na maji.

Yale uliyoyafanya vizuri nitayaandika pia, kwa sababu mimi si mchungaji, sifichi upande mmoja. Ulienda hospitali, ukakaa kwenye benchi mpaka daktari akachoka kukukwepa, ukamweleza vidole vya Josué na macho yake. Akakueleza ule ugonjwa wa damu ambao huku tunauita SS, na wengine huuita selimundu: mtoto huupata akiurithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, hata kama wazazi wenyewe ni wazima kabisa. Ulirudi nyumbani unakimbia.

"Mama! Merveille iko na mama mwingine! Njo maana!"

Ilibidi unieleze tena: mama wa Merveille hakumpa damu hiyo, ndiyo maana yeye ni mzima. Kile ambacho mchungaji alikiita ushahidi, kwamba wenzake wanakufa na yeye anaishi, ndicho kilichokuwa jibu. Kilikuwa mbele yetu sote, tumekikalia. Halafu ukaenda kwa mwanasheria mmoja mwanamke, akakuambia sheria ya nchi inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na kwamba wapo polisi wa mambo ya watoto, ila lazima wasukumwe. Ulipomaliza kunieleza ulikaa chini sakafuni ukasema, "Mama, nilizani neno ikikuwa ya kweli inatosha." Hilo ndilo neno pekee la filozofia lililowahi kutoka kinywani mwako likanipendeza.

Tukaenda kwa mjomba wako. Safari hii ulisema kama mtoto anavyosema na mkubwa wake. Ulimwomba kitu kimoja tu, kwamba yeye na mkewe wapimwe damu. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi, si wewe: "Yaani unataka kuniambia ni miye niliua batoto yangu?"

Hatukuwa tumelifikiria hilo, wewe wala mimi. Tulimpelekea ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa unautoa mzigo kwa mtoto na kuuweka juu yake. Mchungaji alimpa mchawi. Sisi tulimpa kioo. Alitufukuza, na sikumlaumu sana.

Basi likumbuke hilo utakapokuwa umekaa na madaftari yako, biolojia asubuhi, sheria mchana, filozofia jioni. Nakubali kila somo lilikuwa na sehemu yake. Swali peke yake lilimfungia mtoto mlango. Habari ya damu peke yake ilimvunja baba. Sheria peke yake ilikuwa imelala ofisini. Lakini hata ulipoyaunganisha yote, kuna mtu ulimsahau, naye ni baba aliyezika watoto wawili. Huyo anasomwa katika somo gani? Waulize walimu wako. Wakijibu haraka, usiwaamini.

Jumapili nilivaa kitenge changu cha kwaya. Mwanasheria alisimama nje ya kanisa pamoja na polisi mmoja ambaye alikuwa anatazama viatu vyake. Nilipita katikati ya ibada, mbele ya wamama wote niliokuwa nikiimba nao, wewe nyuma yangu, na kwa mara moja katika maisha yako ulikuwa umefunga mdomo. Shemasi alinijua, watoto wetu walisoma pamoja.

"Mama Numbi, usinitie mu matatizo."

"Fungua."

Alifungua. Merveille hakuweza kusimama. Nikambeba mgongoni kama mtoto mchanga, na alikuwa mwepesi, Numbi, alikuwa mwepesi vibaya sana. Mchungaji alikatiza mahubiri. "Mama, ukitoka na ule mutoto, usirudie hapa tena."

"Sitarudia," nikasema.

Nilitamani neno kubwa kuliko hilo, neno kama yale yako. Halikuja. Nikatoka.

Tangu siku ile samaki wangu wa Kasenga wamepoteza wanunuzi wao wa kwanza. Wale wamama wanapita mbele ya meza yangu sokoni wakitazama upande wa pili, na yule aliyenifulia wewe ulipozaliwa ndiye anayetazama mbali kuliko wote. Kaka yangu aliacha kunisalimu. Na katikati ya hayo ukanijia unang'aa, umekubaliwa Kinshasa, na ukaniambia kwamba walipokuuliza kwa nini unataka filozofia, uliwapa habari za Merveille, na wakafurahi sana.

Siku hiyo nilikuchukia. Ni neno baya kwa mama kuliandika na silifuti. Ulimpanda mtoto mgongoni ili uonekane mrefu. Wewe unaondoka. Mimi ndiye ninayeamshwa usiku na kelele za Merveille. Mimi ndiye ninayekuta chupa za maji amezificha chini ya godoro, kila nikiziondoa anaweka nyingine, mpaka nimeacha kuziondoa. Habari hizo hukuwapa wale waliofurahi.

Kwa hiyo sikia. Usimfanye Merveille mfano wa darasani. Kama siku moja itakulazimu kumtaja, anza na mlango, anza na tabasamu lako kule Katuba, na useme kwamba uliposhinda, yeye alifungiwa. Mtu wa maswali ambaye hawezi kusimulia habari inayomwonyesha vibaya, mimi simwoni tofauti na yule mchungaji, labda amesoma zaidi tu.

Na huko watakuwapo wachungaji wa namna nyingine, hawana Biblia mkononi, wana vitabu vyao, na wana wanafunzi wanaowapigia makofi. Ukiona kwamba unaogopa kumwuliza mmoja wao kitu kwa sababu amekuwa mwema kwako, ujue ni mimi pale kwenye kwaya. Na ukiona kwamba una hamu kubwa ya kumwuliza kwa sababu watu wanakutazama, ujue ni wewe pale kwenye kilio. Katikati ya hao wawili sijui anakaa nani. Sijamwona bado. Labda ndiye unayeenda kumtafuta, na kama ni huyo, sawa, nenda, ila usiniletee diploma ukasema umempata.

Mama Odile alienda kupimwa damu bila kumwambia mtu, hilo unalijua, na baadaye mjomba wako naye akaenda. Wote wawili wanaibeba damu ile ya SS. Usichokijua ni kilichotokea leo baada ya wewe kutoka.

Mjomba wako amekuja. Amesimama nje ya geti, amekonda, shati limekuwa kubwa. Sikumkaribisha. Sikumletea kiti.

"Numbi iko?"

"Ameenda mu mji. Kesho anasafiri."

"Odile iko na mimba ingine," akasema. "Nilitaka kujua ni docteur gani."

Nikamwambia hospitali na jina la daktari, basi. Hakuondoka. Akasema, "Dada, nakulomba nimuone mutoto."

Nilitaka kulifunga geti. Nakuapia, mkono ulikuwa tayari kwenye komeo. Wewe ungekuwapo, ungetupa hoja juu ya haki ya baba na haki ya mtoto, na labda ungekuwa sahihi. Mimi sikuwa na hoja. Niliingia ndani nikamwambia Merveille: "Papa yako iko ku mulango. Unataka, hautaki, ni weye." Alikaa na magoti yamebanwa kifuani. Kisha akavaa ndala zake akatoka. Akasimama ndani ya geti, baba yake nje.

"Papa," akasema, "ni miye nilimukula Josué?"

Kaka yangu alishika chuma cha geti kwa mikono miwili. "Hapana, mama. Josué alikuwa na bugonjwa ya damu. Haiko weye."

"Juu ya nini ulisema ni miye?"

Nilifungua mdomo nimsaidie mmoja wao, sijui yupi. Nikaufunga. Kaka yangu alianza kusema, kwamba alikuwa na uchungu, kwamba pasta alisema, kwamba watu wote walikuwa wanamtazama. Merveille hakumkatiza hata mara moja. Alingoja tu, amemkazia macho, mpaka maneno yakamwishia mwenyewe.

"Siyue," akasema kaka yangu.

"Basi enda uwaze," Merveille akamwambia. "Ukishajua, urudie unambie."

Akageuka akaingia ndani. Mjomba wako alibaki pale anatazama mahali Merveille alipokuwa amesimama. Kisha akaniambia atarudi, akaondoka kwa miguu. Sijui kama atarudi. Merveille ameniuliza ni siku gani, nikamwambia sijui, akaniambia basi nisifunge geti kwa kufuli.

Kesho nitakupeleka uwanja wa ndege, na hasira nitakuja nazo zote. Nenda ukasome.

Mama yako